Filta ya ND Inayobadilika ya Bei Nafuu: Mwongozo Kamili wa Picha za Shata ya Muda Mrefu Ufukweni

Bahari iliyolainika kama maziwa, mawingu yaliyovutika angani kama pamba iliyochambuliwa, na ngalawa moja iliyotulia katikati ya yote hayo bila kutikisika: picha za namna hii hupatikana kwa kuiacha shata ya kamera (pazia linaloruhusu mwanga kuingia) wazi kwa sekunde kadhaa, na kikwazo cha kwanza cha kila anayejaribu ni mwanga uliozidi. Simama ufukweni Unguja saa kumi na moja na nusu jioni, weka ISO 100 (hisia ya kamera kwa mwanga) na tundu la lenzi f/11 (namba ikikua, tundu hubana), na kamera itakudai kasi ya 1/125 ya sekunde au karibu na hapo. Ukilibana tundu hadi f/22 utapata 1/30 tu, tena picha nzima itapoteza ukali kwa sababu mwanga unaopita kwenye tundu dogo mno hutawanyika. Kinachohitajika ni kioo cheusi mbele ya lenzi, yaani filta ya ND (neutral density), inayopunguza mwanga unaoingia.

Mwongozo huu unahusu filta ya ND inayobadilika ya bei nafuu, ile ambayo wapiga picha wengi wa kwetu wanaimudu, tangu siku ya kuinunua hadi kuifuta chumvi baada ya kazi. Filta hii ina uwezo wa kweli, lakini uwezo huo una mpaka ambao haukuandikwa kwenye boksi lake. Mpaka huo unapaswa kutafutwa nyumbani, kwa utulivu, kabla ya kwenda ufukweni.

Kilichomo ndani ya filta

Filta ya kawaida ya ND ni kioo kimoja chenye weusi usiobadilika. Inayobadilika ina polaraiza mbili zilizopangwa moja mbele ya nyingine: ya nyuma imefungwa kwenye lenzi, ya mbele huzunguka. Polaraiza ya kwanza huruhusu mwanga unaotetema katika mwelekeo mmoja tu, na ya pili hukubali au kukataa mwanga huo kulingana na pembe iliyopo kati yao. Kanuni inayotawala jambo hili iliwekwa mwaka 1809 na Étienne-Louis Malus, mhandisi wa jeshi la Ufaransa, na inafaa kueleweka vizuri kwa sababu ndiyo inayoeleza karibu matatizo yote ya filta hizi.

Wapiga picha huhesabu mwanga kwa stopu, na stopu moja ni kuupunguza mwanga kwa nusu. Filta ikiwa katika alama yake ya mwanga mwingi kabisa, tayari imeshakula stopu moja hadi mbili. Ukiizungusha nyuzi 45 kutoka hapo, unapoteza stopu moja zaidi. Ukifika nyuzi 60, umepoteza mbili. Stopu ya nne iko kwenye nyuzi 75 na nusu, ya tano karibu na nyuzi 80, na ya sita karibu na nyuzi 83. Kwa filta ya milimita 77, ambayo ukingo wake una mzingo wa sentimita 25 hivi, stopu ya kwanza inahitaji kidole kisogee milimita 31, ilhali safari ya kutoka ya tano hadi ya sita ni milimita mbili tu. Ndiyo maana mtu anayezungusha filta kuelekea upande wa giza kwa makadirio hupata picha moja iliyoungua na inayofuata nyeusi, ingawa anaamini hakuigusa sana.

Kuna jambo la pili. Polaraiza hazifanyi kazi sawasawa kwa mwanga unaoingia kwa ulalo, na lenzi pana hupokea mwanga mwingi wa ulalo kwenye pembe za picha. Vioo viwili vinapokaribia kukingamana kabisa, sehemu moja ya picha huwa nyeusi kuliko nyingine, na msalaba mweusi mkubwa huonekana angani. Hakuna programu itakayouondoa msalaba huo vizuri. Picha zangu za kwanza za machweo pale Forodhani zilitoka zote na msalaba huo, na kwa wiki nzima nilidhani lenzi imeharibika.

Kununua

Boksi likiandikwa ND2-400, maana yake mtengenezaji anadai filta inafika stopu nane na zaidi. Likiandikwa ND2-32, anadai stopu tano. Wanunuzi wengi huchukua la kwanza kwa sababu namba ni kubwa, lakini mimi nashauri la pili, hasa likiwa na vizuizi vinavyoizuia ringi isivuke eneo la msalaba. Stopu tano unazoweza kuzitegemea zina thamani kuliko nane ambazo tatu za mwisho hazitumiki.

Nunua kipenyo cha lenzi yako kubwa kuliko zote, kwa kawaida milimita 77 au 82, kisha ununue ringi za kuunganishia kwa ajili ya lenzi ndogo. Ringi hizi ni rahisi sana, na filta kubwa kwenye lenzi ndogo haitaonyesha ukingo wake kwenye pembe za picha.

Kuipima nyumbani

Hii ndiyo kazi ya maana kuliko zote, na inachukua saa moja. Tafuta ukuta mweupe ulio kivulini, kama ule wa barazani asubuhi ambapo jua halijafika, au utandike shuka jeupe. Usipimie filta kwenye skrini ya simu wala ya kompyuta. Skrini nyingi za siku hizi hutoa mwanga ambao tayari umepita kwenye polaraiza, kwa hiyo filta iliyo nzima inaweza kuonekana nyeusi tii au kubadilika kwa namna isiyohusiana na ubora wake. Nimewaona watu wakirudisha dukani filta nzuri kwa sababu hiyo.

Funga kamera kwenye stendi, weka ISO 100, tundu f/8, fokasi ya mkono, na uwiano wa weupe (white balance) uliowekwa kwa namba, tuseme 5500, badala ya kuiachia kamera ichague. Piga picha ya ukuta bila filta na uandike kasi ya shata iliyotoa mwanga sahihi. Tuchukue kwamba ni 1/60. Sasa funga filta, izungushe hadi alama ya mwanga mwingi, na utafute kasi inayoirudisha histogramu (grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera) mahali pale pale ilipokuwa. Ikiwa ni 1/20, filta yako inaanzia stopu moja na nusu, na hiyo ndiyo namba yako ya msingi hata kama boksi linasema vinginevyo.

Kisha panga kasi ya 1/8, ambayo iko stopu tatu chini ya 1/60, na izungushe filta taratibu mpaka histogramu irudi pale pale. Simama hapo. Kwa kalamu ya wino usiofutika, au kipande chembamba cha stika nyeupe, weka alama kwenye ringi ya mbele mkabala na alama moja uliyoiweka kwenye ringi ya nyuma, na uandike 3. Endelea na 1/4 kwa stopu ya nne, 1/2 kwa ya tano, sekunde 1 kwa ya sita ikiwa filta yako inafika huko. Utaona kwa macho yako alama zikisongamana kadiri unavyokwenda upande wa giza, kama Malus alivyosema.

Sasa rudia mzunguko wote kwa lenzi yako pana kuliko zote, na safari hii usiangalie histogramu bali zikague pembe nne za picha. Popote pembe mbili zinazotazamana zinapoanza kuwa nyeusi kuliko nyingine mbili, rudi nyuma kidogo na uweke alama nyekundu. Huo ndio mpaka wa filta kwa lenzi hiyo. Kwa filta nyingi za bei nafuu nilizowahi kuzishika, na lenzi ya milimita 18 kwenye sensa kamili (full frame, yenye ukubwa wa filamu ya milimita 35), alama nyekundu ilikaa kati ya stopu ya tano na ya sita. Kwa lenzi ya milimita 50 ilisogea mbele kwa karibu stopu moja. Filta yako itakuwa na jibu lake, ndiyo maana unaipima.

Malizia kwa kupiga picha ya kitu chenye maandishi madogo, gazeti lililobandikwa ukutani linatosha, kwa lenzi ndefu, ukiwa na filta na bila filta. Kioo kisichokuwa tambarare hujificha kwenye lenzi pana lakini hukiri kwenye milimita 200. Ikiwa maandishi yanafifia, tumia filta hiyo kwa lenzi pana na za kati tu.

Saa, maji na upepo

Kwetu karibu na Ikweta jua huanguka moja kwa moja, na baada ya kuzama mwanga wenye manufaa hudumu dakika ishirini na ushei. Unguja jua huzama kati ya saa 12:15 na saa 12:50 jioni kwa mwaka mzima. Katika muda huo mfupi mwanga hushuka stopu baada ya stopu, na hapa ndipo filta inayobadilika inapoishinda ile ya weusi mmoja. Unaweza kuanza na stopu sita jua likiwa bado juu ya maji, ukarudi kwenye tano, kisha nne, kisha tatu, huku shata yako ikibaki kwenye muda ule ule unaoyapendeza maji, bila kufungua wala kufunga kioo gizani.

Jedwali la maji lina uzito sawa na saa ya machweo. Chombo kinachoelea kitatikisika hata bahari ikiwa shwari, na kwa shata ya sekunde nane mlingoti wake utatoka kama moshi. Njia nzuri ni kukipiga chombo kikiwa kimekaa mchangani, maji ya kina kifupi yakicheza kukizunguka. Katika mwambao huu, siku za bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa takriban saa kumi na kupwa takriban saa nne, asubuhi na usiku, kwa hiyo machweo hukuta maji yakiwa katikati. Siku nne hivi kabla ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, kupwa husogea karibu na macheo na machweo. Hizo ndizo siku za kwenda Nungwi jioni, au Bagamoyo alfajiri kwa sababu ufuko wake unatazama mashariki. Thibitisha na jedwali la mwezi husika, na uwaulize wavuvi, kwani wao wanajua ni chombo kipi kitabaki mahali pake na kipi kitaondoka.

Kusi likivuma kwa nguvu, stendi nyepesi hutetemeka kiasi cha kuharibu picha ya sekunde mbili. Ishushe, usiinue nguzo ya katikati, na uning'inize mfuko wako chini yake ukigusa mchanga kidogo ili usibembee.

Kazi yenyewe

Fika nusu saa kabla. Ikiwa mahali penyewe pana bandari, kivuko au jengo la serikali, uliza kwanza, maana kamera iliyo juu ya stendi huvuta macho kuliko ile ya mkononi, na bandari na maeneo ya usalama hayapigwi picha bila kibali. Ukimkuta mtu akitengeneza wavu wake, msalimu na umwombe ruhusa kabla ya kuisimamisha stendi mbele ya chombo chake.

Kanyagia miguu ya stendi kwenye mchanga mpaka ifike pagumu. Mchanga wenye maji huendelea kutitia polepole, na kila wimbi linalopita huchimba chini ya mguu, kwa hiyo kandamiza tena baada ya kila picha mbili au tatu.

Panga picha yako bila filta, au nayo ikiwa katika alama ya mwanga mwingi. Weka fokasi kwenye chombo au mwamba, kisha hamisha lenzi kwenye fokasi ya mkono ili kamera isianze kutafuta tena gizani. Zima mfumo wa kutuliza mtikisiko. Weka ISO 100, f/8 au f/11, faili la RAW (lisilochakatwa na kamera), na kipima saa cha sekunde mbili ili kidole chako kisiitingishe kamera. Kwa kamera yenye kioo cha ndani, funika dirisha la kutazamia, kwani mwanga unaoingia nyuma hudanganya kipimo, na unaweza kuvuja hadi kwenye picha shata ikikaa wazi kwa muda mrefu.

Pima mwanga bila filta, kisha hesabu. Kila stopu huzidisha muda mara mbili, kwa hiyo kipimo cha 1/30 kwa stopu sita ni sekunde 2, 1/15 ni sekunde 4, 1/8 ni sekunde 8. Ukiwa na alama zako kwenye ringi huhitaji kubahatisha: chagua muda unaoutaka, tafuta stopu zinazohitajika, zungusha hadi alama. Ikiwa hesabu inakupeleka kupita alama nyekundu, usivuke. Bana tundu hadi f/13 au f/16, au subiri dakika nne.

Muda gani basi? Wimbi linalopasuka kwenye mwamba hupendeza zaidi kati ya 1/4 ya sekunde na sekunde 1, kwa kuwa nyuzi za maji bado zinaonyesha njia zilikopita. Maji yanayorudi baharini kwenye mchanga hutaka sekunde moja hadi mbili, ukifyatua mara tu wimbi linapoanza kurudi. Bahari laini kabisa huanzia sekunde nane na kuendelea, na mawingu huhitaji sekunde thelathini au zaidi upepo usipokuwa mkali. Binafsi naona watu wanakimbilia muda mrefu mno: sekunde thelathini huifuta bahari ikawa ukungu, na mtazamaji hajui tena kama mahali hapo palikuwa na mawimbi. Maporomoko yaliyo chini ya miti, kama Materuni juu ya Moshi, hayahitaji hata filta nzito, kwani stopu tatu hutosha kufika sekunde moja.

Baada ya picha ya kwanza angalia histogramu, si skrini peke yake, maana skrini gizani huonyesha picha angavu kuliko ilivyo. Kamera nyingi pia hupunguza chengachenga (vidoa vidogo vya mwanga na rangi visivyotakiwa) kwa kupiga picha ya pili nyeusi yenye muda ule ule. Kwa shata iliyo chini ya sekunde nane zima huduma hiyo, usije ukapoteza nusu ya dakika ishirini ulizonazo.

Kumbuka pia kwamba kioo cha mbele bado ni polaraiza, hivyo kukizungusha hubadilisha anga na mng'ao wa maji pamoja na giza. Ukilitazama jua linapozama hutaona tofauti kubwa. Ukigeukia kaskazini au kusini saa hiyo kwa lenzi pana, utepe mweusi unaweza kutokea angani, na hapo dawa ni lenzi ya milimita 35 kwenda juu au kuipunguza anga kwenye picha.

Mwanga ukizidi uwezo wa filta

Saa sita mchana, kwa f/16 na ISO 100, kamera hutaka 1/125 au karibu na hapo, na stopu sita zitakufikisha nusu sekunde tu. Usiongeze filta ya pili juu ya ya kwanza, kwani pembe za picha zitakuwa nyeusi na rangi itaharibika zaidi. Piga badala yake picha kumi na sita mfululizo za nusu sekunde, bila kugusa chochote, na nyumbani uzipange kama matabaka kwenye GIMP, ambayo ni programu ya bure. Tabaka la chini liache kwenye asilimia 100 ya uonekano, la pili asilimia 50, la tatu 33, la nne 25, na kuendelea kwa kugawanya 100 kwa namba ya tabaka. Matokeo hukaribia picha moja ya sekunde nane, na chengachenga hupungua sana.

Rangi

Filta za bei nafuu huipaka picha rangi, mara nyingi manjano au hudhurungi, na rangi hiyo hubadilika kidogo unapozungusha. Kwa hiyo piga karatasi nyeupe kupitia filta kwenye alama utakayotumia, katika mwanga ule ule, na uitumie kama kipimo cha uwiano wa weupe unapochakata faili la RAW. Wakati wa machweo nenda polepole: ukiirudisha karatasi kwenye weupe kamili utaondoa na dhahabu ya jua pamoja na rangi ya filta. Rekebisha nusu, kisha utazame mchanga uliolowa, ambao kwa kawaida ndio wa kwanza kuonyesha kijani kisichopaswa kuwepo.

Chumvi na mchanga

Upepo wa bahari huacha vumbi la chumvi kwenye kioo ambalo halionekani mpaka mwanga ulipige kwa ubavu. Usilifute likiwa kavu, kwani chembe zake hukwaruza utando wa kioo. Puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, kisha futa kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo na maji baridi yasiyo na chumvi, na umalizie kwa kikavu. Filta isizamishwe majini, maana maji yakipenya kati ya vioo viwili hayatoki bila kuifungua. Miguu ya stendi ndiyo ya kuoshwa kwa maji mengi, ikiwa imevutwa yote, siku hiyo hiyo.

Filta ikikwama kwenye lenzi, usiibane kwa nguvu kwa vidole viwili, kwani hilo huipinda ringi na kuikaza zaidi. Vaa glovu za mpira za jikoni, ishike ringi ya nyuma kuizunguka yote kwa kiganja, na uizungushe taratibu. Kabla ya kuihifadhi irudishe kwenye alama ya mwanga mwingi, upitishe kidole juu ya zile alama za kalamu, na uandike upya yoyote iliyoanza kufutika.